SAHIHI YA WIVU: Miti Iliyokwenda Kilioni

Tulimwacha Euphrasie kwenye etaje ya tano, ghorofa ya juu kabisa, kalamu mkononi, sikio ukutani.

Karatasi ile mnaikumbuka. Ilikuwa ya mwisho. Bila sahihi ya Euphrasie, mkaguzi wa ofisi ya makazi, hakuna familia iliyoruhusiwa kuingiza hata godoro katika nyumba ya Papa Mumbere, mfanyabiashara wa Butembo, nyumba ya kwanza ya etaje tano kusimama Walikale. Na sauti iliyotoka chumba cha pili mnaikumbuka pia. Ilikuwa ya Jérôme, injinia wa nyumba hiyo, mchumba wa Euphrasie, mwanamume aliyekwisha kupeleka mbuzi wa kwanza kwa baba wa Euphrasie kule Buleusa.

"Usimuambie Euphrasie," ilisema sauti ile. "Akijua, hawezi tia sinyatire."

Mwanamke akacheka polepole.

"Na akiuliza?"

"Hawezi uliza. Ile iko na haya. Ni muntu wa kunyamaza."

Wiki nzima mmeniuliza: aliingia au alishuka ngazi?

Aliingia.

Alimkuta Kasoki, binti wa Papa Mumbere, mwenye duka la misumari na mabati, akimpangusa Jérôme chokaa begani. Hakuwa na haraka. Alipangusa kama mtu anayepangusa meza yake mwenyewe.

"Mulikuwa munasema nini?" Euphrasie aliuliza. Sauti ilitoka ndogo, akaichukia.



"Dada Euphrasie, karibu," alisema Kasoki. Mkono wake ulikuwa bado begani. "Tulikuwa kwa mambo ya moyo."

"Moyo ya nani?"

"Ya hawa bantu mbili unaona hapa. Ao iko wa tatu amejificha?"

Euphrasie alimwangalia Jérôme. Neno moja lingetosha. Hapana. Neno jepesi hivyo, hata mtoto mchanga wa kwao Buleusa hulijua kabla ya kujua mama.

Jérôme aliangalia viatu vyake.

"Sema, Jérôme."

"Tutaongea nyumbani."

"Sema hapa."

"Euphrasie, tafazali. Tia sinyatire kwanza. Kisha tutaongea yote."

Moyo wa mtu ni msitu, na moyo wa Jérôme siku ile ulikuwa msitu wa Itebero: unatembea kutwa, njia huioni. Euphrasie aliona kitu kimoja tu. Mkono ule begani.

"Hatatia," Kasoki alisema. "Huone vile anatuangalia? Iko na zuwa, wivu. Kesho baba ataenda kwa Papa Gustave, mukubwa wako, atamuambia: mukaguzi wako anakatalia bantu nyumba juu mupenzi wake amemuchoka. Familia munane ziko nangoya chini na magodoro. Na weye uko huku unalilia mwanaume."

Sasa fikirini mambo yalivyokuwa. Euphrasie alikuwa amekagua nyumba hii tangu msingi. Nguzo alizipima. Ngazi alizihesabu. Daftari la kazi alilisoma ukurasa kwa ukurasa, na kila siku ya kumwaga zege iliandikwa kwa mkono wa Jérôme, safi kama hati ya masista. Hakuna kosa. Kama angekataa sasa, angekataa kwa sababu gani? Ile ile aliyoisema Kasoki.

Na wivu ukikosa pa kupigia kelele, huvaa nguo ya heshima.

Euphrasie aliiweka karatasi ukutani, juu ya lipu mpya, akatia sahihi. Siku zote sahihi yake ilikuwa ndogo kama alama ya mguu wa kifaranga. Siku ile ilikuwa kubwa, ikavuka mstari. Akatoa muhuri mfukoni, akapiga.

"Nyumba haina kosa," alisema. "Kosa iko kwa bantu."

Akamkabidhi Kasoki karatasi, akashuka etaje zote tano bila kushika ukuta.

Chini ya nyumba, Mamy alikuwa akikaanga mandazi kama kila siku. Mamy hana haya hata punje. Ametukana wajenzi wote, na wote wanakula kwake.

"Mukaguzi, ile uso njo ya nini?" aliuliza. "Umekunywa dawa ya minyoo?"

"Ni ngazi. Nimechoka."

"Ngazi ya tajiri iko nachokesha. Sisi tunalalaka chini na tuko na afya." Alimchagulia andazi la moto, akalifunga ndani ya jani. "Kula. Yako haiuzwe. Weye na injenieri munabaki bandugu zetu mupaka kufa."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kilio ya koko yangu, sasa. Mvua iko nanyesha, bantu banajaa mupaka ya Itebero, na sisi tuko bila hangari. Kama si ile miti ya injenieri, tungelilia koko ndani ya matope kama nguruwe."

Andazi lilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Miti gani, Mamy?"

"Si ile ya juu. Yenye ilikuwa nabeba dale ya mwisho. Kasoki njo alisema: muchukue. Makumi ine. Na tulirudisha siku ya ine, hata moja haikupotea. Sisi kwetu hakuna mwizi."

Akageuza mandazi yake, akaendelea kuimba.

Msomaji wa mbali huenda hajui desturi hii, basi niieleze upesi. Huku kwetu msiba ukiingia na hakuna hangari, kibanda cha kuwafunika waombolezaji, wenye msiba huenda kwa yeyote mwenye miti iliyosimama, nao huomba. Mti wa kilio haukatazwi. Anayekataza huulizwa yeye alikuwa anajua nini juu ya kifo kile. Na Papa Mumbere ni mtu wa kuja. Kiwanja chenyewe alikipata kwa ukoo wa marehemu. Angekataza vipi?

Lakini kuna desturi nyingine, ya zege. Zege halikomai kwa jua, hukomaa kwa siku. Dale ya juu kabisa, bamba la zege la paa, ilifunika saluni ya etaje ya tano, ukumbi mpana usio na nguzo katikati, kwa sababu Papa Mumbere alitaka mahali pa karamu. Juu yake yangekaa matangi ya maji ya nyumba nzima. Euphrasie aliipitisha ramani hiyo kwa sharti moja: miti ishike dale siku ishirini na nane bila kuondoka. Ikiondoka mapema, zege bichi huinama na kupasuka kwa ndani, na kuirudisha baadaye ni kama kumfunga mtu banzi baada ya mfupa kuungana vibaya.

Katika daftari, Jérôme aliandika ishirini na nane.

Euphrasie alihesabu kwa vidole. Dale ilimwagwa Jumatatu. Koko wa Mamy, bibi yake, alifariki Jumanne ya wiki iliyofuata.

Siku ya tisa.

Alizunguka nyuma ya nyumba, ambapo miti ililazwa kando ya ukuta. Aliigeuza mmoja mmoja. Vichwani ilikuwa na matundu ya misumari. Mmoja ulikuwa bado na uzi wa bluu wa turubai. Mwingine umekula moshi upande mmoja. Na yote ilikuwa na namba nyekundu, kwa mkono wa Jérôme.

Hapo ndipo aibu ilipompanda mpaka masikioni.

Kwa sababu na yeye alikuwepo kwenye kilio kile. Mchana mzima alikaa pale na wanawake wenzake, mgongo ameuegemeza kwenye mti. Namba nyekundu ilikuwa karibu na sikio lake. Angegeuza shingo kidogo angeisoma. Hakugeuza. Alikuwa akiangalia kikombe.

Kasoki aligawa chai siku ile, na wa kwanza kupewa alikuwa Jérôme. Kasoki alimtilia sukari, akamkorogea. Euphrasie alikumbuka kijiko, alikumbuka maua ya kikombe, alikumbuka mara ngapi kijiko kilizunguka. Mkaguzi wa serikali alikaa chini ya kosa lenyewe, akakagua kikombe.

Na je, mnajua alichosikia moyoni kwanza, akiwa amesimama mbele ya miti ile? Siyo hofu.

Ilikuwa furaha.

Kumbe siri ni miti. "Usimuambie Euphrasie" ilikuwa habari ya miti. Hakuna mapenzi. Jérôme ni mwongo wa daftari tu, siyo mwongo wa moyo. Euphrasie alicheka peke yake kama kichaa, kiganja juu ya mti wa kilio.

Kisha akasikia watu langoni.

"Mukaguzi, Mungu akubariki," aliita mwalimu Sébastien. Godoro lilikuwa kichwani, likamziba uso mpaka pua. Nyuma yake mkewe, mtoto mgongoni, sufuria mkononi. "Tangu tumetoka Kingi tuko nalala ndani ya darasa. Asubui banafunzi banatukuta tuko nakunja branketi. Leo tutakuwa na mulango yetu."

"Etaje ya ngapi, mwalimu?"

"Ya ine. Bibi yangu anaogopa ngazi, lakini nimemuambia, mutoto atakuwa na miguu nguvu."

Etaje ya nne. Chini ya saluni kabisa.

Furaha ikatoka kama haikuwahi kuingia.

Papa Mumbere alikuwa uani na Papa Gustave, mkuu wa ofisi ya makazi, mzee mrefu asiyeachana na mwavuli hata kiangazi. Karatasi ilikuwa tayari mkononi mwa Papa Gustave. Kasoki na Jérôme walisimama kando, na kati yao hapakupita hata kuku.

"Papa Gustave, naomba ile karatasi," Euphrasie alisema.

"Ya kufanya nini, mama?"

"Nirudishe sinyatire yangu."

Papa Gustave aliutazama mwavuli wake kama anauomba ushauri.

"Sinyatire si nguo ya kuanika, mama Euphrasie. Haitoke asubui ikarudi kisha kukauka."

Wenye magodoro walicheka. Mwalimu Sébastien hakucheka.

"Miti ilitoka chini ya dale siku ya tisa," alisema Euphrasie. "Ilienda kilioni."

Papa Mumbere aligeuka. Ni mtu mfupi, mpole, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na ukimgusia nyumba yake ni kama umemgusa jicho.

"Binti yangu, umekuja hapa kila wiki. Ulikunywa maji yangu. Leo umetia sinyatire, na mbele wino ikauke unasema nyumba yangu iko mubaya?"

"Baba, usichoke bure," alisema Kasoki. Aliongea kwa sauti ya kuwafikia hata watu wa barabarani. "Si nyumba. Dada ametukuta juu, miye na Jérôme. Njo ile inamuuma. Nyumba anaisingizia."

Uani pakawa na ule mnong'ono unaoujua, wa watu waliopata cha kusimulia mwezi mzima.

"Injenieri," Papa Gustave aliuliza, "miti ilitoka, ao haikutoka?"

Jérôme alimwangalia Kasoki. Akamwangalia Euphrasie. Akaangalia nyumba yake ya kwanza, ile ambayo mama yake huwaonyesha wageni kutoka sokoni.

"Haikutoka," alisema.

Euphrasie alimgeukia Mamy, aliyekuwa amefika na ungo wa mandazi.

"Mamy. Uambie hawa bantu yenye umeniambia."

Mdomo usiowahi kukauka ulikauka. Mamy aliangalia chini. Mti uliotolewa kwa msiba haupelekwi kwenye kesi. Ukiupeleka, ni kama umemfufua marehemu ili umgombeze. Na mama zake wakubwa wawili walikuwa pale, wanamtazama.

"Mi siyuwe habari ya miti," alisema. "Miye niko nauza mandazi."

"Umeona, Papa Gustave?" Kasoki alisema. "Wivu, njo ile tu. Muulize kama haiko nayo."

"Mama Euphrasie," alisema Papa Gustave kwa upole. Upole huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. "Uko na wivu?"

Wanaomjua Euphrasie wanajua asivyoweza kusema hata "nipe chumvi" mbele ya wageni. Uani palikuwa na watu kama hamsini. Alitamani ardhi imfunike kama mbegu.

"Niko nayo," alisema.

Akauinua uso.

"Niko na wivu, Papa. Tangu mwezi mingi. Silali vizuri, sikule vizuri. Nikimuona Kasoki anacheka, naumwa na tumbo. Njo kweli, na munaweza kunicheka." Akavuta pumzi. "Lakini dale haina habari ya wivu yangu. Haitajua ni nani alimupenda nani. Mukitia maji juu, itajua tu ni siku ngapi ilishikwa."

Hakuna aliyecheka. Hata Kasoki alisahau kucheka.

"Basi tutie maji," alisema mwalimu Sébastien kutoka nyuma. Godoro alikuwa amelishusha.

Papa Gustave alikubali. Mkaguzi akiwa na shaka kabla ya watu kuingia, mkuu wa ofisi anayo haki ya kuomba jaribio. Matangi sita yalikuwa tayari juu ya dale, meupe, mapya. Yajazwe yote. Dale ikikaa kimya, karatasi inabaki na Euphrasie anaomba msamaha mbele ya watu. Ikiinama, karatasi inachanwa.

"Ijaze mupaka imwangike," alisema Papa Mumbere. "Miye mwenyewe nitasimama juu, pembeni ya tangi. Padri anakuja Siku ya Mungu kubariki hii nyumba, na nyumba itamungoya."

Motopompe, mashine ya kuvuta maji, iliwashwa chini, karibu na kisima. Wanaoijua mashine ya Papa Mumbere wanajua kelele yake. Ikiunguruma, hata mume na mke hawawezi kugombana.

Euphrasie alipanda tena etaje zote tano. Ndani ya saluni alifunga uzi mwekundu wa waashi kutoka ukuta huu hadi ule, ukiwa umenyooka chini ya dale. Kati ya uzi na lipu nyeupe aliacha nafasi ya vidole viwili. Kisha akawatoa watu wote. Papa Gustave alisimama naye kwenye mlango, Jérôme kwenye ngazi, na wengine nyuma yao, shingo juu ya shingo.

Tangi la kwanza likajaa. Vidole viwili.

La pili. Vidole viwili.

"Mama," Papa Gustave alinong'ona, "ile uzi yako iko nalala usingizi."

La tatu. Mtu mmoja ngazini akapiga miayo, akataka watu wasikie. Mwingine akasema wivu wa mwanamke unaweza kujaza matangi sita bila motopompe. Kicheko kikashuka ngazi mpaka chini.

Euphrasie hakuondoa macho. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kilio, aliangalia kitu kilichostahili kuangaliwa.

Ndipo Kasoki alipopita katikati yao. Mkononi alikuwa na kiti cha plastiki. Kabla Papa Gustave hajaweka mwavuli njiani, alikuwa amekwisha kufika katikati ya saluni. Akaweka kiti chini ya uzi, akakaa, akapandisha mguu juu ya mguu.

"Kasoki, toka mule," alisema Euphrasie.

"Juu ya nini? Miti yote tulirudisha. Miye mwenyewe nilihesabu, moja kwa moja. Makumi ine ilienda, makumi ine ilirudi. Sasa dale inataka nini ingine, iombwe msamaha?"

Ngazini watu walitazamana. Kasoki alikuwa amesema ilienda. Hakujua kwamba amesema.

Papa Gustave alimgeukia Jérôme pole pole. Jérôme alikuwa mweupe kama chokaa aliyopanguswa.

"Kasoki, hesabu si kitu," Euphrasie alisema. "Ilitoka dale ikiwa mbichi. Kurudisha haikusaidia."

"Dada, nikuambie kitu." Kasoki aliegemea nyuma. Macho yake, ukiyatazama vizuri, hayakuwa ya mshindi. Yalikuwa mekundu. "Mwaka mbili niko natilia ule muntu sukari. Mwaka mbili anakunywa, anasema aksanti, anakwenda kwako. Unafikiri ni weye tu muntu wa wivu hapa Walikale? Niko hapa. Kama dale yako inaanguka, iniangukie. Nikikufa, uolewe."

Tangi la nne likajaa.

Kidole kimoja na nusu.

Euphrasie aliona peke yake. Wengine walikuwa wakimwangalia Kasoki. Motopompe ilizidi kupandisha maji juu, na Papa Mumbere alisimama kando ya tangi la tano, hajui kwamba mwanawe amekaa chini ya miguu yake. Kuta zote zilikuwa zikinguruma.

Sasa nitawaambia jambo ambalo Euphrasie hajamwambia mtu. Kwa muda wa pumzi moja, alinyamaza. Aliuona uzi, alimwona Kasoki, aliuona mkono ule ule uliopangusa bega umelala sasa juu ya goti. Jérôme alisema hawezi kuuliza, ni mtu wa kunyamaza. Kunyamaza hakuhitaji kazi yoyote. Angesimama tu mlangoni, kama mkaguzi mwema aliyekwisha kuonya mbele ya mashahidi.

Pumzi moja.

Kidole kimoja.

"Muzime mashine," aliita. "Papa Gustave, bazime maji, inashuka."

Papa Gustave aliona. Alitupa mwavuli, akageukia ngazi akipiga kelele, na watu wakaanza kuteremka wakikanyagana. Sauti yake iliingia katika ngurumo ya motopompe ikapotea humo. Juu, maji yalizidi kuingia.

Kasoki aliinua macho. Aliuona uzi juu ya kichwa chake. Alijaribu kuinuka. Miguu ilikataa. Wapo watu ambao hofu huwakimbiza, na wapo ambao huwapigilia misumari.

Euphrasie aliingia.

Saluni ile, iliyojengwa kwa karamu, ilikuwa ndefu kuliko alivyowahi kuipima. Alifika kwenye kiti, akamshika Kasoki mkono, akavuta.

"Simama, dada. Simama, twende."

"Siwezi."

"Unaweza. Uniegemee."

Nafasi kati ya uzi na lipu haikupita hata ukucha. Ufa ukatembea juu yao kutoka ukuta hadi ukuta, mwembamba, bila haraka, na chokaa ikawanyeshea vichwani wote wawili.

Na hapo, mlangoni, Jérôme akapiga kelele. Ile haya yake ya injinia, ile hofu ya jina lake, vyote vilikatika kwa pamoja.

"Miti ilitoka," alilia. "Ilitoka siku ya tisa, niliona, niliandika uongo."

Ungamo hilo Euphrasie alikuwa amelingoja tangu asubuhi. Aligeuza kichwa kumwangalia. Alitaka kumsamehe. Siri ilikuwa miti tu, si ndiyo? Miti tu.

Jérôme alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuelekea ndani. Chini ya dale walikuwa wanawake wawili. Akaita jina moja.

"Kasoki. Kasoki, mupenzi, toka."

Uzi ukagusa zege.

Na mkono wa Kasoki ulikuwa bado ndani ya mkono wa Euphrasie.